Rekodi za okestra za Florence Price: zipo, ila kuna namna ya kuzitafuta

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha matarumbeta kwenye ushirika wetu wa Moravian huku Rungwe. Hivi karibuni tulipata mgeni kutoka Ujerumani, akatuchezea kwenye simu yake kipande cha okestra: matarumbeta yanapiga taratibu kama wimbo wa ibada, vyombo vingine vinaitikia, na baadaye zinasikika kengele. Akasema mtunzi ni mama mweusi wa Marekani aitwaye Florence Price, marehemu siku nyingi. Mgeni ameshaondoka. Nikitafuta mwenyewe napata piano tupu, na kitu kinaitwa Adoration kinachojirudia kila mahali. Je, rekodi zake za okestra zipo kweli? Nianze na ipi, ukizingatia hali ya bando? Na nota zinapatikana ili vijana wangu wapige?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Zipo, tena leo ni nyingi kuliko wakati wowote tangu mama huyo aage dunia mwaka 1953. Kwa jinsi ulivyoeleza, mgeni wenu aliwachezea sehemu ya pili ya Simfoni ya Kwanza. Humo Price aliwapa kundi la vyombo kumi vya shaba wimbo wenye umbo la tenzi, wakaupiga wao kwanza, kisha okestra ikawaitikia, na mbele zaidi akaingiza kengele za aina ya kanisani. Hakubahatisha. Alisomea kinanda cha kanisani na ufundishaji wa piano huko Boston, kwenye New England Conservatory, akahitimu mwaka 1906, na kinanda hicho alikipiga maishani mwake. Anayefundisha matarumbeta ya ibada ataisikia sehemu hiyo kama ya nyumbani, ndiyo maana sishangai iliwashika.

Nianze na kwa nini huipati, maana ukijua sababu kazi inakuwa nyepesi.

Ukiandika jina la Florence Price peke yake, unaletewa kinachochezwa na watu wengi. Adoration ni kipande kifupi cha kinanda cha kanisani alichokiandika mwaka 1951. Kwa kuwa ni kifupi na si kigumu, watu wamekipanga upya kwa fidla na piano, kwa cello, kwa kwaya, hata kwa okestra nzima. Kwa hiyo hata ukikuta okestra inapiga Adoration, jua huo ni mpangilio wa mtu mwingine, si kazi aliyoiandikia okestra mwenyewe. Vile vile vipande vya piano viitwavyo Fantasie nègre vimerekodiwa sana, navyo vinajaza ukurasa. Ukifupisha ukaandika Price tu, anakuja Leontyne Price, mwimbaji mkubwa wa opera, ambaye ni mtu mwingine kabisa. Ukiandika Florence tu, unapata bendi ya Uingereza na waimbaji wa injili.

Dawa ni kuandika jina la mtunzi pamoja na jina la kazi na okestra iliyopiga, kwa Kiingereza kama lilivyo kwenye jalada: "Florence Price Symphony No. 1 Philadelphia Orchestra". Usisahau jina lake hata siku moja, kwa sababu mtunzi Sibelius naye simfoni yake ya kwanza imo katika ufunguo ule ule wa E minor, na mashine ya kutafuta haijali unamtaka nani. Mahali pengine ameandikwa Florence B. Price au Florence Beatrice Price. Ni yeye yule. Kama unataka sehemu moja tu, andika jina la sehemu. Ya tatu katika simfoni hiyo inaitwa "Juba Dance", na jina hilo likiambatana na jina lake halipotei.

Kwenye YouTube kuna jambo dogo linalosaidia sana. Zipo video ambazo picha yake haisogei, ni jalada la albamu tu. Hizo hupandishwa na kampuni za rekodi zenyewe. Fungua maelezo yaliyo chini yake: utakuta okestra, kiongozi wake, kampuni na mwaka. Video isiyo na maelezo hayo iache kwanza. Huenda ni wanafunzi wa shule fulani wanajaribu, na si vibaya wajaribu, lakini wewe unataka kujua mtunzi alikusudia nini.

Sasa kwa nini rekodi hizi karibu zote ni za karne hii, ilhali mtunzi alizaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887? Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu bila historia hii hutaelewa kwa nini kazi moja ina rekodi kadhaa na nyingine haina hata moja.

Price alihamia Chicago mwaka 1927, akiikimbia hali ya ubaguzi na mauaji ya watu weusi kule Arkansas. Mwanzoni mwa 1931 alivunjika mguu, na kukaa huko ndani ndiko kulikompa nafasi ya kuandika simfoni. Mwenyewe alimwandikia rafiki kwamba hajui lini tena atapata bahati ya kuvunjika mguu. Mwaka 1932 simfoni hiyo ilishinda zawadi ya kwanza katika mashindano ya Wanamaker ya watunzi weusi, dola 500. Tarehe 15 Juni 1933 Chicago Symphony Orchestra ikaipiga chini ya Frederick Stock. Ilikuwa mara ya kwanza kwa okestra kubwa ya Marekani kupiga simfoni ya mwanamke mweusi. Jioni ile ile Margaret Bonds, binti aliyekuwa mwanafunzi wa Price na baadaye naye akawa mtunzi, alipiga piano mbele ya okestra hiyo.

Mtu angedhani baada ya hapo milango ilifunguka. Haikufunguka. Simfoni ya Tatu ilipigwa Detroit mwaka 1940, na Eleanor Roosevelt, mke wa rais, aliisikia mazoezini akaisifu kwenye safu yake ya gazeti. Hata hivyo mwaka 1943 Price bado alikuwa anaandika barua kumwomba Serge Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, azitazame nota zake. Katika barua hiyo alisema waziwazi kwamba ana vikwazo viwili, jinsia yake na rangi yake. Koussevitzky hakuipiga kazi yake hata moja.

Mwalimu, wewe unajua kikundi kinavyofanya kazi. Mpigaji wa tromboni hawezi kupiga kisicho mbele yake. Okestra ya watu 80 inahitaji nota ya kiongozi na karatasi ya kila chombo, zilizonakiliwa vizuri, bila makosa. Nyingi za kazi kubwa za Price hazikuchapishwa akiwa hai. Alipofariki, karatasi zikabaki kwenye masanduku, na bila karatasi hakuna mazoezi, na bila mazoezi hakuna rekodi. Watu husema alisahaulika. Mimi naona ni sahihi zaidi kusema hakunakiliwa, kwa sababu wapo waliomkumbuka miaka yote. Waimbaji weusi waliendelea kuimba nyimbo zake. Marian Anderson alipoimba mbele ya Lincoln Memorial mwaka 1939 alikuwa na mpangilio wa Price katika orodha yake. Wimbo unahitaji karatasi mbili na mpiga piano, basi. Simfoni haiishi hivyo.

Mwaka 2009 mume na mke waliokuwa wamenunua nyumba iliyotelekezwa katika mji mdogo wa St. Anne, Illinois, walianza kuikarabati. Mti ulikuwa umeangukia paa na kulitoboa. Katika upande uliobaki mkavu walikuta marundo ya nota, vitabu na karatasi zenye jina la Florence Price. Ile ilikuwa nyumba yake ya kiangazi. Ndani ya marundo hayo zilikuwamo koncheto mbili za fidla, yaani kazi za fidla moja mbele ya okestra, na Simfoni ya Nne, kazi ambazo watu hawakuwa na namna ya kuzipiga. Karatasi hizo zilikwenda kwenye maktaba ya University of Arkansas kule Fayetteville. Tunaoishi kwenye mvua za Rungwe na Iringa tunajua karatasi inavyokuwa baada ya masika mawili chini ya paa lililotoboka. Ilikuwa ni suala la chumba gani kimevuja na kipi hakikuvuja.

Ndiyo maana rekodi zinafuata nota. Mwaka 2001 The Women's Philharmonic ya San Francisco, chini ya mama Apo Hsu, ilitoa Simfoni ya Tatu pamoja na The Oak na Mississippi River. Kwa karibu miaka kumi hiyo ndiyo iliyokuwa albamu ya kutegemea kwa okestra yake. Mwaka 2011 ikaja rekodi ya New Black Music Repertory Ensemble ya Chicago chini ya Leslie Dunner, yenye Simfoni ya Kwanza na Koncheto ya Piano, mpigaji akiwa Karen Walwyn. Wakati huo nota za okestra za koncheto hiyo hazikuwa zimepatikana, kwa hiyo mtunzi Trevor Weston aliijenga upya sehemu ya okestra kutoka katika nota za piano zilizokuwepo. Ukilinganisha rekodi hiyo na za baadaye ukasikia vyombo tofauti vimeshika wimbo ule ule, usidhani sikio lako lina kasoro.

Mwaka 2018 Er-Gene Kahng alitoa koncheto zote mbili za fidla zilizotoka St. Anne. Mwaka huo huo Fort Smith Symphony ya Arkansas, okestra ya mji mdogo, ikapiga Simfoni ya Nne kwa mara ya kwanza duniani chini ya John Jeter. Price aliiandika mwaka 1945, akafariki bila kuisikia. Kampuni ya rekodi ya Naxos ikatoa rekodi yao ya simfoni ya 1 na ya 4 mwaka 2019. Kisha Philadelphia Orchestra na Yannick Nézet-Séguin wakarekodi ya 1 na ya 3 kwa kampuni ya Deutsche Grammophon mwaka 2021, wakapata tuzo ya Grammy mwaka 2022, na baadaye wakaongeza ya 4. Simfoni ya Pili usiitafute. Haijapatikana ikiwa kamili, na anayekwambia anayo anakuuzia kitu kingine.

Uanze na ipi? Kwako wewe, anza na Philadelphia, Simfoni ya Kwanza, sehemu ya pili peke yake. Vyombo vya shaba vya Philadelphia vina sauti nzito iliyofungamana, pumzi ni ndefu, na kila mpigaji anaachia noti pamoja na mwenzake. Hilo la kuachia pamoja wasikilizishe vijana wako mara kadhaa, kwa sababu makundi yetu mengi huanza pamoja vizuri na kumaliza kila mtu kwa wakati wake. Sikiliza pia kinachofanyika kati ya mstari na mstari wa tenzi: shaba zinanyamaza, vyombo vingine vinajibu kwa ufupi, shaba zinarudi. Ni namna ya mwanzishi na waitikiaji, isipokuwa hapa hakuna maneno.

Ukishaizoea, nenda kwenye rekodi ya 2011 ya Chicago usikilize sehemu hiyo hiyo. Safu ya nyuzi ni nyembamba zaidi, na kwa sababu hiyo unasikia kila mstari wa shaba karibu. Kwa kujifunza naipenda hiyo. Kwa kufurahi nachagua Philadelphia. Ya Fort Smith ina ukweli wake, hasa katika Simfoni ya Nne. Wapigaji wanasikika wakijua kwamba hakuna aliyewatangulia.

Juba Dance usiiruke. Ni kama dakika 3 na nusu tu. Juba ilikuwa ngoma ya watumwa wa mashambani kusini mwa Marekani, ngoma ya kupiga makofi, mapaja na kifua kwa sababu ngoma zenyewe walikatazwa. Price aliiweka pale ambapo watunzi wa Ulaya huweka skezo, yaani sehemu ya haraka na ya uchangamfu, na katika simfoni hiyo akaandika nota za ngoma za Kiafrika, kubwa na ndogo. Wape vijana wako wapige mdundo wa chini kwa miguu na wa juu kwa makofi huku rekodi ikicheza. Watakosea mwanzoni, maana mkazo wa wimbo unaangukia pasipotarajiwa, kisha watashika.

Kazi nyingine ambayo ningetaka mwana wa Afrika aisikie ni Ethiopia's Shadow in America, ya mwaka 1932. Ina sehemu tatu: Mwafrika anafika Marekani akiwa mtumwa, kisha unyonge na imani yake, kisha anavyochanganya alichokuja nacho na alichokikuta. Rekodi ya ORF, okestra ya redio ya Vienna, chini ya John Jeter, Naxos 2021, ndiyo iliyonifungua macho kuhusu kazi hiyo. Humo pia kuna Simfoni ya Tatu na Mississippi River, ambayo imesukwa kwa nyimbo za kiroho ambazo kwaya nyingi zinazijua.

Kuhusu bando. Simfoni ya Kwanza nzima ni kama dakika 40. Muziki wa ubora wa kati, kilobiti 128 kwa sekunde, unakula karibu MB 1 kwa dakika, kwa hiyo simfoni nzima ni MB 40 hivi. Ukiweka ubora wa juu wa kilobiti 320 kwenye Spotify, inapanda hadi karibu MB 100. Video hula zaidi, kwa hiyo YouTube shusha ubora wa picha hadi chini kabisa. Jalada lisilosogea halina cha kuona. Kupakua ili usikilize bila mtandao kwenye Spotify au Apple Music kunahitaji kulipia, na kwa kikundi naona inafaa mtu mmoja alipie mwezi mmoja, apakue albamu tatu nne kwenye Wi-Fi mkienda Mbeya mjini, kisha mzitumie mazoezini hata mtandao ukikata. Usihangaike na vibanda vya kuweka nyimbo kwenye memori kadi pale Mwanjelwa. Muziki huu hawana.

Zima kitufe cha kuchanganya nyimbo. Simfoni imekatwa vipande vinne kwenye programu, na programu ikivichanganya utasikia mwisho kabla ya mwanzo. Tena msisikilize kwa sabufa iliyofunguliwa besi yote. Tuba itameza tromboni na kengele hamtazisikia kabisa. Hedifoni za kawaida ni bora, au spika yoyote yenye besi iliyopunguzwa. Sauti ikishuka sana msikimbilie kuongeza, kwa sababu okestra hurekodiwa na ukimya wake, na shaba zikirudi mtaruka.

Nota ndizo ngumu zaidi, na hapa nakwambia ilivyo. Tangu mwaka 2018 kazi zake zinasimamiwa dunia nzima na G. Schirmer, wachapishaji wa nota wa New York. Nota za vyombo vya okestra kwa kawaida hukodishwa kwa onyesho, haziuzwi dukani, na gharama hupangwa kulingana na anayepiga na mahali. Usipakue nakala zinazozagaa bila jina la mhariri. Nyingi zimejaa makosa, na kijana akijifunza noti mbovu kuiondoa ni kazi ya mwaka. Waandikie barua pepe kwa Kiingereza. Taja kazi na sehemu unayoitaka, yaani sehemu ya pili ya Symphony No. 1. Eleza kwamba ninyi ni kikundi cha kanisa kisichotoza kiingilio, orodhesha vyombo mlivyo navyo na idadi ya kila kimoja, na uulize mambo mawili: kama kuna mpangilio wa shaba uliokwisha kuidhinishwa, na kama hakuna, ruhusa ya kupanga wimbo ule wa mwanzo kwa vyombo vyenu inapatikanaje. Wakijibu, niletee majibu pamoja na orodha ya vyombo vyenu. Kama mna koneti na tromboni za kutosha lakini hamna zile pembe nne za okestra, sauti zake za kati zitabidi zigawanywe kwa vyombo vingine, na hilo naweza kukaa nawe tukalipanga kwa nota za solfa, sauti kwa sauti.